Mvuke na Mashine Iliyotoa Zaidi ya Ilichokula

Mume wa binti yangu wa mwisho anaitwa Mvuke. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu kila alipofungua mlango wa chumba chake cha kazi, wingu lilitangulia kutoka, naye akafuata nyuma amelowa kama kuku aliyenyeshewa. Nyumbani tunamwita Baba Pacha, maana binti yangu alimzalia wasichana wawili kwa mpigo, na tangu hapo ndani ya nyumba hii hakuna kitu kinachoombwa kimoja.

Mimi naishi nao. Nina chumba changu kando ya jiko, na kazi zangu ni kuonja chumvi, kuwasimulia wajukuu mambo ambayo mama yao huyaita uongo, na kukausha soksi zao nyuma ya friji. Hiyo ya friji ishikeni, mtaihitaji. Shule mimi niliiona kwa nje tu, kuta na bati. Kwa hiyo habari za hesabu nawapa kama zilivyonifikia. Penye tundu nimeziba mwenyewe.

Mvuke alifanya kazi katika kiwanda cha kufua nguo, kile kinachofua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Juu kulikuwa na wanawake wa pasi na mashine za kukamua. Chini, ukishuka ngazi za saruji, kulikuwa na boila iliyolala kama kifaru aliyeshiba, na pembeni yake injini ndogo ya mvuke iliyozungusha kila kilichozunguka huko juu. Mvuke aliijua boila hiyo kuliko alivyomjua mkewe. Aliweza kukaa mezani kwetu, kijiko mdomoni, halafu aseme, “Hapo anayenishikia zamu amesahau kufunga valvu,” na kiwanda kiko mtaa wa tatu. Binti yangu anasema hilo nimeongeza mimi. Sawa, mtaa wa pili.

Kwanza lazima mjue tabia yake. Mvuke ni mwaminifu mpaka anakera. Jioni moja alifika mlangoni, akatia mkono mfukoni atoe ufunguo, akakuta kibanio cha nguo cha kiwanda. Cha plastiki, tena kimevunjika sikio. Chakula kimeshapakuliwa, yeye huyo, amegeuka kukirudisha. Na hesabu zake zilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa na msemo mmoja, akiurudia kama wengine wanavyorudia dua.

“Mama,” angeniambia, “hakuna kitu duniani kinachotoa zaidi ya kinachokula. Injini yangu nikiilisha joto mia, kazi inayonipa ni kumi. Tisini zinapotea, nyingi kupitia bombani, zinawapasha kunguru miguu. Huo ndio ufanisi wake, kumi kwa mia. Mbovu, lakini ni wa kweli. Siku ukiona kitu kimekula kumi kikatoa mia, shika mfuko wako, kuna mwizi.”

Basi tajiri wa kiwanda akaamua kuing'oa boila.

Kuni zilikuwa zimeadimika, moshi ulikuwa unachafua mashuka yaliyoanikwa, na majirani walikuwa wanalalamika. Akanunua kitu kinachoitwa pampu ya joto. Niliambiwa ni sanduku la chuma lenye feni, linakaa nje ya ukuta, linafyonza joto kutoka kwenye hewa na kulisukumia kwenye pipa la maji. Kutoka kwenye hewa! Nilipoambiwa nilitoka nje nikasimama uani, nikainua uso, nikasema mbona hewa hii haijawahi kunichemshia hata kikombe?

Pampu hiyo ilihitaji mtu mmoja tu wa kuiangalia. Na mtu huyo lazima aweze kusoma mita zake na kukokotoa ufanisi wake kila siku, asaini, ili kasoro ijulikane mapema. Mhandisi wa waliouza mashine angemjaribu Mvuke. Akiweza, anabaki. Akishindwa, wauzaji wataleta mtu wao, na Mvuke atatoka mlango ule ule boila ilikotokea, ikiwa chuma chakavu naye akiwa baba wa mapacha asiye na kazi.

Siku ya jaribio la kwanza alirudi mapema. Aliketi mezani bila kuvua viatu. Binti yangu akaniangalia, nami nikaangalia sufuria.

“Vipi?” binti yangu akamuuliza.

“Nimekosa.”

“Umekosa kazi?”

“Nimekosa swali. Mhandisi amenipa nafasi moja tena, wiki ijayo. Baada ya hapo basi.”

“Swali lenyewe lilikuwaje, Baba Pacha?”

Akavuta pumzi. “Mashine imekula umeme uniti moja. Maji yamepokea joto uniti tatu. Toa ufanisi.”

“Sasa hiyo si tatu?”

“Ndiyo hapo!” Akapiga meza. “Tatu! Wewe umeiona wapi? Kitu kimekula moja kikatoa tatu! Nikasema huu ni mtego, wanataka kuona kama nitakubali wizi. Nikageuza. Moja nikaiweka juu, tatu chini. Theluthi. Jibu la mtu mwaminifu.”

“Uligeuza? Mchana kweupe?”

“Ningefanyaje, Mama Pacha? Niandike tatu nionekane mjinga?”

“Na ulipoandika theluthi ulionekana nani?”

Nilijitahidi, Mungu shahidi, lakini kicheko kilinitoka puani.

“Mama, unanicheka?”

“Sikucheki, mwanangu. Pilipili.”

Hakukuwa na pilipili. Alijua, akanyamaza kwa adabu, maana mkwe hamwambii mama mkwe kwamba anadanganya. Yeye akisikia uongo wangu husema tu, “Inawezekana, mama,” na maneno hayo mawili yananiuma kuliko tusi.

Ili kumpoza, nikamsimulia habari za marehemu mume wangu. Wengi mnajua alikuwa hamali stesheni. Msichokijua ni kwamba alikuwa na nguvu za kutisha. Siku moja aliitwa nyumba fulani kuhamisha kabati, akalitia mgongoni, akaenda nalo mpaka upande wa pili wa mji, akapanda nalo ghorofa. Walipolifungua wakamkuta mwenye kabati amelala ndani. Mkewe alikuwa amemkasirikia, naye mume akajificha humo, usingizi ukamchukua. Akatoka anapiga miayo, anauliza chai iko wapi.

“Na siku hiyo,” nikamaliza, “marehemu alikuwa amekula mkate mmoja tu tangu asubuhi.”

“Mkate mmoja,” akasema Mvuke, “kabati zima na mtu ndani.”

“Na godoro.”

“Inawezekana, mama.”

Wiki ile nyumba yetu haikukalika. Mvuke alikuwa anatembea huku midomo inacheza, “moja, tatu, moja, tatu,” mpaka wajukuu wakafanya wimbo wa kurukia kamba. Usingizini alikuwa anagawanya. Alinuna, akashika tama, akamuuliza muuza duka, akamuuliza mwalimu wa wajukuu. Mwalimu akamwambia hiyo haiitwi ufanisi kwa hakika, ina jina jingine, kwa sababu ufanisi hauwezi kuzidi moja. Mvuke akarudi amefurahi: “Mnaona? Hauwezi!” Kisha akakaa, furaha ikamtoka. “Lakini mhandisi anataka tatu.” Hapo kichwa chake kikawa kama uzi uliochezewa na paka, na changu nacho kikafuata.

Jumapili mchana akapata wazo. Mtu akiwa amekwama, wazo lolote ni zuri.

“Wanasema hiyo pampu na friji ni ndugu,” akatuambia. “Mashine ni ile ile. Basi nitaiuliza friji. Friji kazi yake kutengeneza baridi, sivyo? Nitafunga madirisha ya jikoni, nitafunga mlango, nitaifungua friji wazi. Baridi itajaa jikoni. Nitaangalia kwenye kipimajoto joto limeshuka kiasi gani, nitaangalia mita ya umeme imekula kiasi gani. Nitagawanya mwenyewe kwa mkono wangu, bila kuambiwa na mtu.”

“Na maziwa yangu?” binti yangu akauliza.

“Maziwa yatakuwa kwenye baridi. Jiko zima litakuwa friji.”

Hata mimi nililiona hilo kuwa la busara. Siku ilikuwa ya jua kali, nikasema afadhali, nitapeleka na kiti changu. Lakini alituamuru tukae nje, tusiingie na joto la miili. Binti yangu akaenda kusuka nywele za wasichana uani. Mvuke akajifungia na kipimajoto alichokifunga kwa uzi kwenye taa.

Muda ulipita. Soksi za wajukuu zilikuwa humo ndani, na kesho yake ilikuwa shule. Nikasukuma mlango.

Jamani. Kulikuwa na joto humo kama mdomoni mwa mbwa. Mvuke alikuwa amevua shati, amekaa mbele ya friji iliyoachama, jasho linamtiririka mpaka kwenye mkanda. Friji ilikuwa inanguruma bila kupumzika.

“Mama,” akaniambia, taratibu kama mgonjwa, “mbona jikoni kuna joto?”

“Si umefungulia baridi?”

“Ndiyo maana nauliza.”

Nikaangalia kipimajoto. Namba sizijui vizuri, lakini ule uzi mwekundu ulikuwa umepanda kuliko asubuhi. “Umekifunga juu chini,” nikamwambia.

“Sikukifunga juu chini, mama. Kimepanda chenyewe. Nimefungua friji na jiko limepata moto. Nimeelewa kitu kimoja tu, kwamba sielewi.”

Nikazunguka nyuma ya friji nikaanza kutoa soksi zangu. Akanitazama nikizikunja.

“Soksi hizo umeziosha lini?”

“Leo baada ya chai.”

“Na zimekauka?”

“Hapa hukauka haraka kuliko kwenye kamba.”

“Kwa moto gani, mama?”

“Moto wa friji.”

“Friji haina moto.”

“Waambie soksi.”

Akainuka. Akatia mkono mmoja ndani ya friji, kwenye ile sehemu ya barafu, na mwingine akauzungusha nyuma, kwenye yale mabomba meusi membamba yenye vumbi. Akabaki hivyo, ameikumbatia friji kama ndugu aliyepotea. Macho yamemtoka.

Hapo ndipo binti yangu alipoingia. Akaona mume wake hana shati, amekumbatia friji, mama yake ameshika soksi, na maziwa juu ya rafu yamegeuka. Akayanusa.

“Baba Pacha! Boila wameing'oa kazini ukaona uniletee jikoni?”

“Nyamaza kidogo, Mama Pacha.”

“Maziwa yangu!”

“Haitengenezi baridi!” Mvuke akapiga kelele. “Mnasikia? Haitengenezi kitu! Inabeba! Inalichota joto huku ndani inakuja kulimwaga huku nyuma. Mimi nimekaa nyuma na mbele kwa wakati mmoja, kwa hiyo inachota jikoni inamwaga jikoni. Na umeme ilioula nao unageuka kuwa joto, unamwagwa hapo hapo. Ndiyo maana nimeiva!” Akanigeukia. “Mama. Marehemu baba. Lile kabati, alilitengeneza yeye?”

“Atalitengenezaje? Alikuwa hamali, hakuwa seremala.”

“Basi! Alikula mkate mmoja, akafikisha kabati. Hakuna aliyesema ameiba. Mkate si kabati. Mkate ulikuwa wa kumpa nguvu ya kubeba, na kabati lilikuwepo tangu mwanzo!” Alikuwa anazunguka jiko akipunga soksi aliyoninyang'anya. “Na juu ya ghorofa pale lilifika nini? Kabati, na mkate nao ulifika, tumboni mwake. Uniti mbili za kabati, uniti moja ya mkate. Tatu!”

“Usimgawanye mume wangu,” nikamwambia.

“Simgawanyi, mama. Nagawanya mzigo wake.”

Binti yangu aliketi kwenye kiti cha jikoni akacheka mpaka akalia, kisha akamtuma mumewe maziwa mengine. Nami nilicheka, ingawa nitasema ukweli: sikuelewa. Mpaka leo nikilifuata lile jambo, naelewa mpaka kwenye mkate, halafu linaniponyoka.

Siku ya jaribio la pili aliondoka mapema amevaa shati la harusi. Binti yangu akawapeleka wasichana shule. Nilipokwenda kuchukua soksi nikakuta juu ya friji miwani yake. Mvuke bila miwani hawezi kusoma hata jina la mtaa, seuze mita. Nikatia mguu ndani ya ndara, nikatoka.

Kiwandani walinionyesha njia ya kwenda chini. Ngazi zile zile za saruji, lakini chumba kimya. Boila ilikuwa imekatwa vipande, imelala ukutani kama maganda, na mahali pake pamebaki alama nyeupe sakafuni. Pipa jipya la maji linang'aa. Ukutani mita mbili tatu, na kupitia tundu la dirisha nikaliona lile sanduku huko nje, feni yake inazunguka polepole kama mtu anayefikiri.

Mbele ya mita alisimama Mvuke amekunja uso, pua inakaribia kugusa kioo. Pembeni yake tajiri wa kiwanda, mtu mnene mwenye saa kubwa, na mhandisi. Nilitegemea mhandisi awe mzee mwenye mvi. Alikuwa mwanamke kijana mwenye kofia ya njano na kalamu sikioni.

“Mama!” Mvuke akashtuka. “Umefuata nini?”

“Nimekuletea macho yako.”

Mhandisi akatabasamu. “Karibu, bibi. Keti.”

Tajiri hakutabasamu, lakini nani atamfukuza kikongwe aliyeshuka ngazi zote zile? Nikapindua kapu la mashuka nikakalia.

Mvuke akavaa miwani, akasoma. Tangu asubuhi mashine imekula umeme uniti tano. Maji yamepokea joto uniti kumi na sita. Akainamia karatasi. Nikauona mkono wake unakwenda kuiweka tano juu. Miaka yote ya boila ilikuwa inauvuta mkono ule. Kalamu ikasimama hewani. Akanitazama. Mimi nikachezesha midomo tu: kabati.

Akaweka kumi na sita juu. Akagawanya. “Tatu nukta mbili,” akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

“Sahihi,” mhandisi akasema. Nilitaka kupiga kigelegele, lakini akainua kidole. “La pili. Kila mashine ya namna hii ina paa lake, kiwango ambacho haiwezi kukipita hata iundwe na malaika. Kulipata, chukua joto la upande wa moto, gawanya kwa tofauti kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Maji yako yana nyuzi sitini. Hewa nje ishirini. Paa ni ngapi?”

Hilo lilionekana jepesi. Mvuke akaandika: sitini toa ishirini, arobaini. Sitini gawanya kwa arobaini. “Moja na nusu.”

Mhandisi akaliandika jibu hilo. Tajiri akaangalia saa yake. “Haya, amejibu yote. Mpe asaini tukanywe chai.”

Karatasi ikasukumwa mbele ya Mvuke. Alishika kalamu. Akaiweka chini.

“Siwezi.”

“Huwezi nini?” tajiri akauliza.

“Kusaini, tajiri. Paa ni moja na nusu. Mashine yenyewe ni tatu nukta mbili. Imefikaje juu ya paa lake?”

“Wewe si ndiye uliyehesabu?”

“Ndiyo mimi. Kwa hiyo kuna mwongo humu ndani. Ama mita, ama kipimajoto, ama mimi. Bado sijamjua.”

“Mvuke,” tajiri akasema kwa subira ya mtu mwenye njaa, “unataka kazi au hutaki?”

Nikayaona masikio ya mkwe wangu yanabadilika rangi. Niliwaona mapacha, nikaiona sufuria, nikaliona shati la harusi. Nilitaka kumwambia saini, mwanangu, saini, mashuka hayajui hesabu. Lakini yule ndiye mtu wa kibanio. Akakunja mikono nyuma.

“Naitaka sana, tajiri. Lakini sisaini nyumba iliyo juu ya paa lake.”

“Basi umeshindwa.”

“Ngoja kwanza,” akasema mhandisi. Akavuta ndoo akaketi, uso kwa uso na Mvuke. “Fundi, hii sitini uliihesabu kuanzia wapi?”

“Kwenye sifuri.”

“Sifuri ni nini?”

“Maji yanapoganda.”

“Una friji nyumbani?”

“Naijua sana friji,” Mvuke akasema, na mimi nikakohoa.

“Barafu yako ikiwa sifuri, ukiitia kwenye friji kali zaidi, itaendelea kupoa au itagoma?”

“Itaendelea.”

“Na friji inafanya kazi gani?”

“Inachota joto.”

“Kwa hiyo kwenye barafu inachota nini?”

Mvuke akaitazama mikono yake, ile iliyokumbatia friji. “Joto,” akasema. “Barafu ina joto?”

“Barafu ina joto,” nikadakia, “na jiwe lina maziwa.”

“Ina joto, bibi,” mhandisi akacheka. “Hizo ngazi ulizoshuka kuja hapa. Katikati kuna mahali pa kupumzikia, sivyo? Fundi amehesabu vidato kuanzia hapo. Lakini ngazi zinaendelea chini mpaka sakafuni. Sifuri ya maji ni kituo cha katikati tu. Chini yake kuna vidato mia mbili sabini na tatu kabla ya kufika kwenye sakafu ya baridi. Ndipo hesabu hii inapoanzia.”

Mvuke akageuka akazitazama ngazi. Nami nikazitazama. Nilikuwa nimepumzika pale pale katikati, nikishika kiuno.

Akaandika upya, polepole. Mia mbili sabini na tatu jumlisha sitini. Mia tatu thelathini na tatu. Tofauti ni ile ile arobaini. Akagawanya, akafuta, akagawanya.

“Nane na ushee,” akasema. Akapumua. “Paa nane, mashine tatu nukta mbili. Imo ndani ya nyumba.” Kisha uso ukamkunjika tena. “Lakini mbona haifiki nane? Zilizobaki nani anazila?”

“Hiyo ndiyo kazi yako kila siku,” mhandisi akamwambia. “Vumbi, feni nzito, bomba lisilofunikwa. Utawatafuta.”

Tajiri akainua mikono. “Sasa niambieni kwa lugha ya watu. Amefaulu au ameshindwa?”

“Swali la pili amelikosa,” akasema mhandisi, na moyo wangu ukaanguka ndani ya kapu. “Lakini waliokosa hapo ni wengi. Wanaandika moja na nusu, wanasaini, wanakwenda kunywa chai. Siku mita ikiharibika watasaini vile vile, na wewe utakuwa unalipia umeme unaopasha kuta. Huyu kosa lake amelikataa mwenyewe kabla sijamwambia. Mwache hapa. Nitakuwa napita kila mwezi mpaka azoee kuhesabu kuanzia sakafuni.”

Tajiri akamtazama Mvuke, akaitazama saa. “Haya. Baki. Sasa chai.”

Mvuke hakwenda kunywa chai. Alitoka nje kwenye lile sanduku, akapiga goti na shati lake la harusi, akaanza kulifuta vumbi kwa kitambaa, anaongea nalo kwa sauti ndogo kama alivyokuwa anaongea na boila.

Jioni nyumbani kulikuwa na maziwa mapya, na wasichana waliruka kamba kwa wimbo mwingine, “nane na ushee, nane na ushee.” Lakini baba yao hakuwa na furaha kamili. Alikuwa ametoa kipande cha barafu, amekiweka kwenye sahani, anakitazama.

“Mama,” akaniambia, “huko sakafuni kwenye baridi ya mwisho, nilimuuliza mhandisi ni nani aliyefika. Anasema hakuna.”

“Hakuna aliyefika?”

“Hakuna, na hatafika mtu. Wanakaribia tu.”

“Na vidato wamevihesabu vyote?”

“Vyote. Mia mbili sabini na tatu na kipande.”

Nikamtazama binti yangu. Binti yangu akaangalia pembeni. “Ngazi ambazo hakuna mtu aliyefika chini yake,” nikasema, “wamezihesabu, na kipande juu. Watu wanasaini. Mimi nikisema baba yako alibeba kabati na mtu amelala ndani, naitwa mwongo.”

“Mama, hiyo ni sayansi,” binti yangu akasema.

“Na lile lilikuwa kabati.”

Mvuke hakucheka. Barafu yake ilikuwa imeanza kulowesha sahani. Akavuta karatasi, akavaa miwani, akanisogelea kwa heshima zote.

“Mama, lile kabati. Lilikuwa la mbao gani?”

“Mninga.”

“Na yule mtu, mnene au mwembamba?”

“Mnene. Alikoroma.”

“Na mkate ulikuwa mmoja kweli? Usiniongezee, mama, hesabu itaharibika.”

Nikafikiri sana, maana safari hii nilikuwa naulizwa kwa dhati.

“Mmoja,” nikamwambia. “Lakini alipaka siagi.”